Kwa nini mgonjwa kwenye muvi lazima awe adui au fundisho?

MtuWaMaabara (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Kuna jambo limenikaa rohoni muda mrefu, leo naliweka mezani tulijadili.

Kwenye filamu ya Outbreak ya mwaka 1995, ile ya Dustin Hoffman, ugonjwa unaingia Marekani kupitia kima aliyekamatwa msituni Zaire (Kongo ya leo) na kusafirishwa kwa meli. Mtazameni vizuri yule kima. Ni kapuchini, na kapuchini porini anapatikana Amerika ya Kati na Kusini tu. Msitu wa Kongo haumjui. Wengi wetu tuliiona muvi hiyo kwenye vibanda umiza, mtafsiri akipaza sauti kuliko spika, na hakuna aliyeuliza kima yule katoka wapi. Tulichobaki nacho kichwani ni kingine: kwamba Afrika ndiko maradhi yanakozaliwa, kwamba aliyeambukizwa ni wa kuwindwa, na kwamba tiba itashuka na mwanajeshi kwenye helikopta. Humo ndani jeshi linapanga kuulipua mji mzima wa Cedar Creek na watu wake. Kisha kima anapatikana, damu yake inatolewa dawa, na kufumba na kufumbua wagonjwa wanainuka kitandani.

Muvi hiyo ilitoka Machi 1995. Mei ya mwaka huohuo Ebola ikathibitishwa Kikwit, huko huko Zaire. Waliougua walikuwa 315, na waliokufa takriban 250. Sasa tazameni ilivyosambaa. Haikuwa kwa kima kuruka kutoka mtu hadi mtu. Virusi vilikuwa vimeshatembea kimyakimya kwa miezi, hadi Aprili fundi mmoja wa maabara alipolazwa tumbo likimsumbua. Madaktari wakadhani utumbo umetoboka, wakampasua. Timu iliyomfanyia upasuaji ikaambukizwa, na wauguzi waliowahudumia hao nao wakaambukizwa. Katika wale 315, wahudumu wa afya walikuwa 80. Mimi kazi yangu ni maabara, huku Kagera, na kila nikiisoma habari ya Kikwit nasimama kwa yule mwenzangu. Kwa upande wa kisa, ana kila kitu ambacho filamu ingetaka, lakini hakuna muvi kubwa ninayoijua iliyomweka katikati.

Tiba nayo. Kikwit, madaktari Wakongo waliwatia wagonjwa 8 damu ya watu waliopona. Wakapona 7. Wataalamu wa nje walitilia shaka, wakasema 8 ni wachache mno, pengine wangepona hata hivyo. Lakini Profesa Jean-Jacques Muyembe hakuliacha wazo hilo. Huyu ndiye aliyefika Yambuku mwaka 1976, Ebola ilipoonekana mara ya kwanza nchini kwao, akawatoa wagonjwa damu bila glovu. Miaka kadhaa baadaye damu ya mtu mmoja aliyepona Kikwit ilichunguzwa, ikapatikana kingamwili ambayo iligeuzwa dawa. Dawa hiyo, mAb114, ilijaribiwa kwa wagonjwa mashariki mwa Kongo kuanzia Novemba 2018. Kati ya waliowahi kufika, virusi vikiwa bado vichache mwilini, takriban 9 kati ya 10 walipona. Desemba 2020 Marekani ikaiidhinisha.

Kwa hiyo filamu ilipata kitu kimoja: tiba inaweza kutoka kwenye damu. Ila damu ilikuwa ya Mkongo aliyeugua akapona, siyo ya mnyama aliyewindwa. Na ilichukua zaidi ya miaka 20.

Hoja yangu ni hii. Muvi, tamthilia na nyimbo zetu, za nje na za hapa kwetu, zina nafasi mbili tu za mgonjwa wa kuambukiza. Ama ni adui anayeleta kifo mjini, ama ni mkosaji anayekufa ili sisi tujifunze. Mtu anayeuguzwa akapona, akarudi kazini kwake, haonekani. Tena watazamaji hawaachi walichoona pale sebuleni. Wanakuja nacho hospitali.

Karibuni.

---

NyotaYaZiwa

Mkuu nimekuelewa, lakini umechukua muvi dhaifu ili ushinde kirahisi. Contagion ya 2011 je? Mwaka 2020 dunia nzima iliirudia kwa sababu ilikuwa kama imeona mbele. Mle ndani kuna popo, kuna watu wasiogusana, kuna foleni ya chanjo, kuna hadi jamaa anayeuza dawa ya uongo mtandaoni. Hiyo nayo unaitupa?

---

MtuWaMaabara

NyotaYaZiwa, siitupi. Naiheshimu sana. Mwongozaji Steven Soderbergh na mwandishi Scott Z. Burns waliwaweka wanasayansi karibu, akiwemo Ian Lipkin wa Chuo Kikuu cha Columbia, na inaonekana. Virusi vyao vya kubuni vina asili ya Nipah, ugonjwa wa kweli uliozuka Malaysia mwaka 1998 na 1999, popo akawapa nguruwe, nguruwe wakawapa wafugaji, watu zaidi ya 100 wakafa. Ile sehemu ya mwisho inayorudi siku ya kwanza, tingatinga linaangusha miti, popo anakosa makazi, kipande cha ndizi kinaanguka zizini, nguruwe anakula, mpishi anashika nguruwe kisha anampa mgeni mkono bila kunawa, ni somo zima la afya ya jamii ndani ya dakika chache. Kima wa Outbreak analetwa kama mhalifu. Popo wa Contagion hana kosa, amekatiwa mti wake. Hiyo ni tofauti kubwa.

Na yule jamaa wa dawa ya uongo, muuza majani ya forsythia mtandaoni, kila mmoja wetu humu alimwona 2020 akiwa na jina jingine na jani jingine.

Nina manung'uniko mawili tu juu yake. La kwanza, mgonjwa mle ndani bado ni wa kufa. Anakohoa, anatoa povu, anakwenda mochwari. Waliopona hatuwasikii wakisimulia. La pili ni la filamu zote za aina hii: muda. Kwenye 28 Days Later ya 2002 mtu anabadilika ndani ya sekunde chache baada ya damu kumgusa. Kwenye World War Z wanahesabu sekunde 12. Ebola inachukua siku 2 hadi 21 kabla ya dalili kuonekana. VVU vinaweza kukaa miaka. Tukizoea magonjwa ya sekunde 12, tunaanza kuamini kwamba mtu akionekana mzima basi ni mzima, na akiumwa ni lazima tutaona. Hapa maabara tunakutana na hilo kila wiki. Mtu anakataa kupima kwa sababu "mbona niko fiti".

Malaria ndiyo kabisa haina muvi. Inaua karibu watu 600,000 kwa mwaka, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano wa bara hili, lakini haimpi mtu sura ya kutisha, haifungi miji, haitoki Afrika kwenda kuwatia hofu wengine. Mtoto anachemka homa usiku mmoja kijijini, asubuhi ameshafariki. Nani ataitengenezea trela?

---

KijanaWaGoma

Salama ndugu zangu. Mimi ni mtu wa Goma, ila wakati wa Ebola ile ya 2018 mpaka 2020 nilikuwa Butembo, kwa shangazi yangu. Watu zaidi ya 3,400 waliugua, zaidi ya 2,200 walikufa. Nawashukuru kwa mada hii maana kwetu ilikuwa maisha.

Niwaambie watu wa riposte, yaani kikosi cha kupambana na Ebola, walivyoingia. Msafara wa magari makubwa, watu wamevaa mavazi meupe mwili mzima, uso huuoni, mara nyingine polisi wako nyuma. Eneo la Beni lilikuwa na miaka minne ya watu kuchinjwa usiku, na kwa hayo misafara ya namna ile hatukuiona. Basi watu wakauliza: kwa nini ugonjwa huu mmoja ndio umewaleta? Wakasema Ebola ni biashara. Vituo vya matibabu vikachomwa, Katwa na Butembo. Aprili 2019 daktari wa WHO kutoka Kameruni, Richard Mouzoko, akauawa akiwa kazini Butembo. Siwezi kusema muvi ndiyo iliyofanya hayo. Sababu zetu ni vita na kutelekezwa. Lakini ile picha ya mtu asiye na uso anayekuja kumchukua mzazi wako, sisi tulikuwa tumeshaiona kwenye skrini kabla haijafika mlangoni, na kwenye skrini anayechukuliwa harudi.

Kilichosaidia ni nini? Beni walileta vyumba vya plastiki inayoonyesha. Mgonjwa yuko ndani kitandani, wewe umesimama nje kwa hatua mbili, unamwona, unamsemesha, unamwambia kula. Nesi anamhudumia kupitia mikono ya plastiki iliyounganishwa ukutani. Mama mmoja jirani yetu alikuwa akisema mtoto wake ameuawa mle. Walimpeleka, akamwona anakunywa uji. Akanyamaza, kesho yake akarudi mwenyewe na ndugu wengine wawili wenye homa.

Na waliopona tuliwaita washindi. Washindi wana kinga, kwa hiyo waliwekwa kulea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Shangazi yangu ni mmoja wao. Sisi wengine tungelazimika kuvaa lile vazi lote ndipo tumguse mtoto. Yeye alimfunga mgongoni kwa kitenge, akamwimbia Kinande hadi alale. Nimeangalia muvi nyingi za virusi. Mtu kama shangazi sijamwona hata moja.

---

FundiKalamu

Nawasoma wote kwa makini kwa sababu mimi naandika tamthilia, na ninahisi mnanisema mimi.

Naomba niseme upande wetu. Runinga inanipa dakika 25 kwa kipindi. Mtazamaji ana rimoti mkononi. Siku 21 za kusubiri joto la mwili lipande au lisipande, nitaziigizaje? Na jambo la pili, msidharau hofu. Kizazi chetu kilikua kwenye miaka ya tisini kwa kuona mabango ya fuvu na kusikia nyimbo za watu wanaojutia. Hofu ile ilitufanya tukae nyumbani. Leo vijana hawaogopi chochote. Mnataka tuandike mgonjwa anayecheka na kunenepa, halafu tushangae maambukizi mapya?

---

MzeeWaRedio

FundiKalamu mwanangu, hili la hofu nalifahamu kwa sababu nilikuwepo na redio yangu ya betri.

Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo wa Twende na Wakati. Mara mbili kwa wiki, jioni. Kulikuwa na dereva wa lori anaitwa Mkwaju. Kila kituo cha njiani ana mwanamke, nyumbani ana mke, Tunu. Mkwaju tulimpenda na kumchukia. Watu waliacha bao likiwa nusu wakakimbilia redio wasikie amefanya nini leo. Alipougua UKIMWI, hatukuambiwa "tazama malipo ya dhambi". Tulikuwa tumeshaishi naye muda mrefu, tunamjua anavyocheka, tunajua anavyomwongopea Tunu. Tunu naye hakukaa kulia tu, aliinuka akafanya biashara yake.

Sasa jambo ambalo wengi hamlijui. Kituo cha Dodoma hakikuurusha mchezo ule kwa miaka miwili ya mwanzo. Watafiti walipanga hivyo ili walinganishe. Wakapima: katika mikoa iliyosikia mchezo, watu walipunguza idadi ya wapenzi na matumizi ya kondomu yakapanda kuliko Dodoma. Mwaka 1995 Dodoma nao wakafunguliwa mchezo, na mabadiliko yakaonekana huko pia. Michezo michache duniani imepimwa namna hiyo, na huu ulikuwa wa Kiswahili, wa kwetu.

Kwa hiyo usiniambie fuvu kwenye bango ndilo lililotubadilisha. Fuvu tulilipita barabarani. Mkwaju tulimjadili kitandani na wake zetu. Mke wangu mimi aliniuliza swali moja usiku mmoja baada ya kipindi, na swali hilo sikuwahi kuulizwa na bango lolote.

---

MamaWawili

Nimekuwa nikisoma tu, leo nachangia.

Naishi na VVU. Watoto wangu wawili wote hawana. Nimeandika hivyo mwanzoni ili nisomwe kwa jinsi nilivyo.

Jioni tunakaa sebuleni tunaangalia tamthilia. Mara nyingi mno nimeona kipande hichohicho. Dada anakabidhiwa majibu kwenye bahasha. Muziki unapigwa. Anaanguka. Kipindi kinachofuata yuko kitandani amekonda, nywele zimenyonyoka, mdomo umebabuka. Kisha mazishi, na yule mchungaji au mama mwenye nyumba anasema maneno ya kuonya. Dada huyo kila mara alikuwa wa mjini, mwenye nguo fupi. Mume aliyemletea mkewe virusi nyumbani sijamwona akianguka kwenye bahasha.

Binti yangu mkubwa anajua dawa zangu. Saa tatu usiku simu inalia, nakunywa kidonge kimoja, ananiletea maji. Siku moja tukiangalia mazishi ya namna hiyo akaniuliza: "Mama, yule mbona hakunywa dawa kama zako?" Nilimwambia mwandishi hakumpa.

Dawa hizi zilianza kutolewa bure Tanzania mwaka 2004. Nenda kliniki ya CTC, ya matibabu ya VVU, asubuhi yoyote utakuta foleni ya watu wenye afya wanaotazama saa wawahi kazini. Kipimo changu cha wingi wa virusi kinasoma kwamba havionekani, na daktari alinieleza kwamba nikikaa hivyo simwambukizi mume wangu. Mambo hayo yamethibitishwa na tafiti kubwa, siyo faraja ya mshauri nasaha tu. Lakini jirani yangu, aliyepata majibu yake, aliacha kwenda kliniki miezi mingi kwa sababu kichwani mwake alikuwa ameshakufa. Aliiga alichokiona. Alijifungia akangoja kukonda.

FundiKalamu, kaka yangu, sikulaumu. Ila unaposema mgonjwa anayenenepa atawapotosha vijana, unanisema mimi. Mimi niliyenenepa nimewapeleka watu kupima kuliko yule wa kwenye jeneza.

---

MtuWaMaabara

MamaWawili, asante. Binti yako ameona kitu ambacho waandishi wengi hawajakiona. MzeeWaRedio, shikamoo, na asante kwa habari ya Dodoma.

Naongeza kidogo kwenye hili la hofu. Si kweli kwamba miaka ile tulikuwa na vitisho pekee. Mwaka 1989 mwanamuziki wa Uganda Philly Lutaaya alitangaza hadharani kwamba ana UKIMWI, wakati watu maarufu hawakuthubutu. Akazunguka mashule na makanisa akiimba na kuongea, hadi alipofariki Desemba ya mwaka huo. Hakuimba kuhusu "wale". Aliimba "mimi". Ukisikiliza Starehe ya Ferooz na Professor Jay, wimbo ulioliza nchi nzima mwanzoni mwa miaka ya 2000, nguvu yake iko palepale: anayesimulia ni mgonjwa mwenyewe. Wimbo ule ulikuwa wa haki kwa wakati wake, kwa sababu dawa zilikuwa hazijamfikia mtu wa kawaida. Kinachonisikitisha ni kwamba dawa zikaja, watu wakainuka vitandani, na hadithi ikabaki kitandani. Tamthilia ya Kilio Chetu bado inakumbukwa na kila aliyepita sekondari, wahusika wake Joti na Anna tunawajua kwa majina. Nani amewaandikia watoto wa leo Joti anayeishi?

Kifua kikuu nacho kimeonewa namna hiyohiyo. Kuanzia opera za Ulaya za karne ya 19, mwanamke mzuri anakohoa, leso ina damu, na mtazamaji anajua hafiki mwisho. Moulin Rouge! ya 2001 imefanya vilevile. Robert Koch alimtangaza bakteria huyo Machi 1882, na leo dawa za miezi sita zinamponya mtu kabisa. Lakini mgonjwa akitoa damu kwenye kikohozi, familia inaanza kugawana vitu. Na kuna hadithi nzuri inalala hapo Morogoro, ya panya buku wanaofundishwa kunusa makohozi na kugundua TB ambayo darubini imeikosa. Mimi hayo makohozi nimeyaangalia kwenye darubini mpaka macho yakauma, najua inavyokuwa rahisi bakteria kukupita. Nchi nyingine ingeshatengeneza filamu ya watoto.

KijanaWaGoma, mfikishie salamu shangazi yako.

---

FundiKalamu

Nimesoma yote. MamaWawili, nimekuelewa na nakuomba radhi kwa maneno yale.

Sasa naomba msaada wa kazi. Kuna kipindi natakiwa kukiandika kuhusu Marburg, ugonjwa wa virusi unaofanana na Ebola, kama ile ya Kagera ya 2023. Nilikuwa nimeanza na mtu anayetapika damu sokoni, watu wanakimbia. Mkuu MtuWaMaabara, wewe uko huko. Ungeanzia wapi?

---

MtuWaMaabara

Futa sokoni. Machi 2023 hapa Kagera hapakuwa na mtu wa kutapika damu sokoni. Palikuwa na familia ambayo watu walianza kufa wakifuatana, homa na kutapika, na vijijini watu wakajiuliza ni sumu au ni nini. Waliougua walikuwa 9, waliofariki 6, mmoja wao mhudumu wa afya. Ukitaka kujua ugonjwa ule ulitembea wapi, fuata aliyemwogesha mgonjwa, aliyembeba, aliyemchoma sindano, aliyeosha maiti. Wote walikuwa wanafanya jambo jema. Hapo ndipo penye uchungu wa kuigiza, maana virusi hivi vinapita njia ileile ya upendo, na hakuna wa kumchukia.

Usimuue kila mtu. Rwanda mwaka 2024 walipata wagonjwa 66 wa Marburg, wengi wao wahudumu wa afya, na wakafa 15. Ugonjwa ambao tulizoea kusikia unamaliza nusu ya wagonjwa au zaidi! Waliwawahi, wakawapa maji ya mishipa, dawa za majaribio, na wawili waliowekwa kwenye mashine ya kupumulia wakatolewa wakiwa hai. Tukio la daktari kuitoa ile mipira kooni mwa daktari mwenzake, akapumua mwenyewe, hilo tayari ni tukio lako la mwisho wa kipindi.

Kuhusu siku 21, tafuta filamu ya Nigeria inaitwa 93 Days, ya 2016. Inahusu Ebola ilivyofika Lagos Julai 2014 na msafiri mmoja kutoka Liberia. Dk. Ameyo Adadevoh alikataa kumruhusu mgonjwa huyo atoke hospitali ingawa alishinikizwa, na yeye mwenyewe akaambukizwa akafariki Agosti 19. Filamu inawaonyesha wagonjwa wakiwa watu wenye majina, wanaolazimishana kunywa maji ya chumvi na sukari, na baadhi wanatoka wazima. Nyuma ya kisa kile palikuwa na watu 894 waliotangamana na wagonjwa, na timu zilizowatembelea milangoni mara 18,500 hivi. Walioambukizwa wakaishia 20, waliofariki 8, nchi nzima, ingawa ulianzia kwenye mji wenye mamilioni ya watu. Uganda nao wana Dk. Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor, Gulu. Mwaka 2000 alikuwa masomoni Kampala, akaitwa kwa sababu wanafunzi wa uuguzi wanakufa, akarudi, akatambua ni Ebola, akabaki wodini hadi ikamchukua Desemba 5. Soma habari zake kabla hujaandika mstari mmoja.

Mhusika wako mkuu awe anayefuatilia waliotangamana. Mhudumu wa afya wa ngazi ya jamii, mama wa makamo, anajulikana kijijini. Ana fomu yenye majina, kalamu, kipimajoto kisichogusa ngozi, kopo la klorini iliyochanganywa, na simu ambayo vocha anajinunulia. Anakwenda nyumba ileile asubuhi na jioni. Haingii ndani, hakai, hapokei kiti wala kahawa, na huku kwetu kukataa kahawa ya mtu ni tusi. Siku ya tatu wanamkaribisha vizuri. Siku ya saba hawamwitikii. Siku ya kumi kijana wa nyumba hayupo, wanasema kaenda shambani, na yeye anajua kwamba shamba lao liko njia ya kwenda mpakani. Joto la bibi linasoma 37.4. Siyo homa bado. Anaandika, anaondoka, halali.

Kipindi cha dakika 25 kinakutosha kwa siku ya kumi peke yake. Ukihitaji kuona fomu ilivyo, tuma ujumbe wa faragha nikuelekeze safu zake. Na ukimaliza rasimu ya kwanza ilete humu, MamaWawili na KijanaWaGoma waipitie kabla mtayarishaji hajaiona.